Udongo wa Majivu Mlimani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya yanamhusu kila anayelima, anayekata mti, anayechonga barabara au anayetia saini kibali kwenye miteremko ya Rungwe, Kilimanjaro, Meru na Hanang. Ni makali kwa makusudi. Udongo wa milima ya volkano una tabia zake, na anayeutendea kama udongo wa bondeni anauua. Ukishakufa, hakuna mbolea wala fedha ya mradi itakayoufufua katika umri wa mtu huyo, wala wa wajukuu zake.

Wengi wamekariri kwamba udongo wa volkano una rutuba, wakaishia hapo. Wanadhani mlima ulishaweka mbolea ardhini na kazi yetu ni kuichota. Sivyo. Volkano hurusha majivu yenye vipande vidogo vya kioo cha mwamba. Mahali penye mvua nyingi na ubaridi, kioo hicho huoza upesi kuliko mawe mengi, na kutokana nacho huzaliwa chembe ndogo mno, kama allofani na imogoliti, zenye vitundu visivyoonekana kwa jicho. Chembe hizo hushikana na mboji ya msitu na kuyabana maji yasikimbie. Utajiri wote wa mlima umo katika mshikamano huo wa majivu, mboji na unyevu. Wataalamu huuita udongo huu Andosoli. Majivu peke yake hayatoshi kuutengeneza: yaliyoanguka kwenye nyika kavu ya Serengeti yametoa udongo mwingine kabisa, wenye tabaka gumu lililogandishwa kwa chokaa chini yake.

Kanuni mama basi ni moja, na kila agizo lililo hapa chini limetoka humo: udongo huu usiachwe wazi, usikaushwe, usisogezwe.

KUUJUA KABLA YA KUINUA JEMBE

1. Uguse. Chota udongo wenye unyevu kutoka sentimita 30 chini, uusugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Udongo wa majivu uliokomaa huanza kwa kuonekana thabiti. Ukiukaza hulainika ghafla, huteleza na kutoa maji. Juu ni mweusi, chini ni wa kahawia au wa manjano, na mkononi ni mwepesi. Mfinyanzi mwekundu hunata vidoleni. Huu hupakaa tu. Ukikuta dalili hizi, weka kando mazoea uliyokuja nayo kutoka kwingine.

2. Upime uzito. Lita moja ya udongo wa kawaida wa shambani, ikishakaushwa, huwa na kilo 1.2 hadi 1.4 hivi. Ya udongo wa majivu kwa kawaida haizidi kilo 0.9, na msituni hushuka chini zaidi ya hapo. Sehemu kubwa ya udongo huo ni vitundu, na vitundu hivyo ndiyo ghala la maji. Aina zake zinazokaa kwenye mvua nyingi huweza kushika maji yenye uzito sawa na uzito wake mkavu, au kuzidi. Mito kama Kiwira na Mbaka, inayoteremka kutoka milima ya Rungwe hadi Ziwa Nyasa, huendelea kutiririka mvua ikikatika kwa sababu miteremko inatoa polepole ilichokishika. Anayeharibu shamba lake huku juu anapunguza maji ya mtu asiyemjua kule chini.

3. Chimba shimo uone matabaka. Yapata miaka 4,000 iliyopita Rungwe ulilipuka kwa kishindo na kumwaga pumisi, yaani kokoto nyepesi zenye vitundu, juu ya eneo kubwa. Mlima Kyejo, jirani yake, ulitoa lava karibu na mwaka 1800. Kwa hiyo kwenye miteremko hii shimo la mita moja na nusu linaweza kukuonyesha udongo mweusi, chini yake pumisi, na chini ya pumisi udongo mwingine mweusi wa kale uliofukiwa. Mizizi hukwama kwenye mipaka ya matabaka hayo, maji hupita humo kwa ubavu, na maporomoko huanzia humo. Usipande mche wa parachichi utakaokaa miaka mingi, wala usijenge msingi wa nyumba, kabla hujaliona shimo hilo kwa macho yako.

4. Usianike sampuli juani kabla ya kuipeleka maabara. Udongo mwingine huvumilia, huu hauvumilii. Chembe zake zikikauka hugandamana kuwa punje ambazo hazifumuki tena, na kipimo cha mfinyanzi au cha maji kitakupa jibu la uongo. Ifunge sampuli kwenye chombo kisichopitisha hewa, ipeleke mapema, na umwambie mtaalamu kwamba imetoka kwenye udongo wa majivu. Omba wapime pia uwezo wa udongo kunasa fosforasi. Maabara inayopima tindikali peke yake haijakujibu swali lililo kubwa kuliko yote.

MSITUNI

5. Usifyeke msitu wa asili kwa tamaa ya shamba jipya. Misimu ya mwanzo itakulaghai. Mboji iliyokusanywa kwa karne nyingi itaachia chakula kwa mkupuo, mazao yatasitawi, na utajiona mwerevu. Wakati huohuo jua linapiga mahali ambapo halijawahi kufika. Yai likishachemka halirudi ubichi, na allofani ikishakaushwa sana hairudi kushika maji kama ilivyokuwa. Udongo uliokuwa laini hugeuka punje ngumu, nyepesi, zinazoyakataa maji na kusombwa na mvua ya kwanza. Ulichopata ni mavuno ya misimu michache; ulichokiuza kilichukua maelfu ya miaka.

6. Usiwashe moto. Hakuna "moto mdogo" mlimani: wala wa kuandaa shamba, wala wa kurina asali, wala wa kuotesha majani ya mifugo. Moto huteketeza mboji, na mvuke wa mafuta ya majani hupenya ardhini na kuacha utando usiopokea maji. Kilimanjaro ni ushahidi ulio wazi. Tangu miaka ya 1970 moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu wa mlima huo kwa mamia ya mita, na Oktoba 2020 sote tuliuona ukiwaka usiku kutoka mbali. Msitu wa juu hunasa matone ya ukungu kwa majani na matawi yake na kuyadondosha ardhini. Ukiungua, mlima hupoteza mnywaji na kisima kwa pamoja.

7. Usichome mkaa ndani ya msitu wala kando yake. Tazama palipokuwa na tanuri la zamani: ardhi ina doa jekundu. Chuma kilichokuwa kimefungamana na mboji kimebadilishwa na joto, na mboji yenyewe imetoweka. Gunia la mkaa huisha jikoni kwa wiki chache, lakini doa lile watoto wako watalikuta.

8. Usiburute magogo wala kuingiza trekta udongo ukiwa umelowa. Udongo mwepesi hivi hukandamizwa upesi. Vitundu vikishabomoka, maji hayana pa kuingia, na njia ya gogo la leo huwa korongo la masika yajayo. Misitu ya kaskazini-magharibi mwa Marekani ina tabaka la majivu ya Mlima Mazama, uliolipuka takriban miaka 7,700 iliyopita. Wenye misitu kule wamejifunza kwamba tabaka hilo likishakandamizwa na mashine hubaki hivyo kwa miongo, na likishasukumwa kando halina mbadala. Ndivyo ilivyo kwetu. Hakuna lori linaloleta majivu mapya. Huletwa na mlipuko, na mlipuko hauagizwi.

9. Acha masalia ya msitu mahali pake. Majani yaliyoanguka, matawi, magogo yanayooza: vyote hivyo ni blanketi la ardhi na mboji ya kesho. Usifagie, usikusanye kwa ajili ya kitalu, usibebe udongo mweusi wa msituni kwa magunia ukaujaze kwenye viriba. Kwa kitalu tengeneza mboji yako nyumbani.

10. Heshimu mipaka iliyowekwa, na uijue. Mlima Rungwe, wenye kimo cha mita 2,961, ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Ndani ya msitu wake anaishi kipunji, kima aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 2005 na ambaye hapatikani popote nje ya Tanzania. Mwaka huohuo wa 2005 msitu wa Kilimanjaro uliingizwa katika hifadhi ya taifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli zinazoharibu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kiongozi wa kijiji asiyeweza kuonyesha mita hizo 60 ziko wapi kwenye kila mto wa kijiji chake hajaanza kazi.

SHAMBANI

11. Funika udongo miezi yote kumi na miwili. Hili ndilo agizo la kwanza la shamba. Wachaga katika vihamba vyao, na Wanyakyusa katika migomba yao, walilijua kabla ya afisa ugani yeyote: mti wa kivuli juu, mgomba chini yake, kahawa au maharage chini ya mgomba, na majani makavu juu ya ardhi. Shamba la namna hiyo linaufuata msitu lilimotolewa, ndiyo maana limedumu. Ukivuna mahindi, mabua yabaki shambani. Ukipalilia, magugu yalale palepale. Siku ambayo ardhi yako inaonekana nyeusi na tupu, usijisifu kwamba shamba ni safi, liko uchi.

12. Usitawanye mbolea ya fosforasi juu ya shamba zima. Hapa ndipo wakulima wanapopoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Alumini na chuma zilizomo katika udongo wa majivu huinasa fosforasi na kuigandisha. Moja ya vigezo vya kuutambua udongo huu duniani ni kwamba maabara ikiutia fosfeti, unanasa asilimia 85 au zaidi. DAP au TSP uliyoimwaga kotekote imemezwa na udongo kabla mzizi haujaiona. Weka mbolea ndani ya shimo la mbegu au kwenye mfereji mwembamba kando ya mstari, uichanganye na samadi iliyooza, kisha uifukie kwa udongo kidogo ili isiiguse mbegu. Samadi huzishughulisha chembe zinazonasa, na fosforasi ikapata nafasi ya kuufikia mmea. Asiye na samadi asikimbilie kununua mfuko wa pili wa DAP. Atafute samadi kwanza.

13. Usidanganywe na weusi. Udongo mweusi mlimani ni ishara ya mboji nyingi, lakini mboji hiyo imeshikwa na alumini na kukumbatiwa na chembe za majivu, nayo huoza polepole sana. Sehemu yake imekaa ardhini maelfu ya miaka. Nitrojeni iliyomo ni akiba iliyofungwa. Mahindi yakigeuka manjano juu ya udongo mweusi, usishangae na usimlaumu aliyekuuzia mbegu: panda kunde na maharage, weka samadi, na mbolea ya kukuzia itolewe kwa mafungu, sehemu ndogondogo, maana mvua za mlimani huikokota ile inayotolewa kwa mkupuo.

14. Rudisha potasiamu unayoiondoa. Mkungu wa ndizi na gunia la viazi mviringo hubeba potasiamu nyingi kwenda Dar es Salaam kila lori linapoondoka. Majivu machanga huirudisha kidogo kidogo; yaliyozeeka hayawezi. Basi mgomba uliovunwa ukatwekatwe na ulazwe shambani, maganda yarudi kwenye shimo la mboji, na majivu ya jikoni yatiwe humohumo.

15. Usitie chokaa kwa kukisia. Udongo huu wenye tindikali hubadilika kwa ukaidi, na kiasi kinachofaa hujulikana kwa kipimo, si kwa macho. Chokaa ikipita kiasi huharakisha kuoza kwa mboji unayoihitaji. Chai, kwa mfano, inaipenda tindikali hiyo. Anayemwaga chokaa kwenye chai analipa fedha ili aiumize.

16. Usipande viazi kwenye matuta yanayoshuka na mlima. Najua kwa nini watu wanafanya hivyo: ni rahisi kulima ukipanda, na maji hayatuami. Lakini kila tuta linaloshuka limechimba mfereji wa kubeba shamba lako hadi mtoni. Matuta yakate mteremko, yafuate usawa wa ardhi, na kila umbali wa hatua kadhaa pawe na ukanda wa majani ya malisho. Ukichimba makinga maji ya fanya juu, udongo mweusi wa juu utengwe kwanza, kisha urudishwe juu baada ya kazi. Asiyeutenga huupindua mlima, pumisi juu na rutuba chini, halafu hulalamika kwamba makinga maji hayafai.

MTEREMKO NA USALAMA WA WATU

17. Usikate mguu wa mlima. Ukuta wa udongo wa majivu husimama vizuri ukiwa na unyevu wa wastani, na usimamaji huo ndio mtego. Mvua ikizidi, maji hushuka hadi yanapokuta tabaka lisilopitisha, hulifuata kwa ubavu, na udongo wa juu hukosa pa kushika. Aliyeondoa mguu ili apate kiwanja au barabara ameondoa kilichokuwa kinauzuia mlima usishuke. Barabara ichongwe kwa ushauri wa mhandisi aliyeona shimo la agizo la 3; maji ya barabara yaelekezwe kwenye mfereji uliojengwa kwa mawe, na yasimwagwe kamwe juu ya mteremko ulioachwa wazi.

18. Usidhani mti unazuia kila poromoko. Mpende mti, lakini usimtwike kazi asiyoiweza. Mwaka 2018, mwezi Septemba, tetemeko lilipiga kisiwa cha Hokkaido nchini Japani na kuporomosha maelfu ya miteremko karibu na mji wa Atsuma. Miteremko hiyo ilikuwa na msitu. Tabaka la pumisi lililofukiwa lilikuwa chini ya mizizi mingi, na msitu ukashuka ukiwa umesimama. Milima yetu nayo ipo juu ya Bonde la Ufa. Msitu huzuia mmomonyoko na maporomoko mengi ya juujuu. Hauhalalishi kujenga nyumba kwenye njia ya maji.

19. Hama kwenye njia ya tope, na ufanye hivyo kabla ya masika. Desemba 3, 2023, mvua kubwa iliangusha sehemu ya Mlima Hanang, mlima wa volkano, na tope lenye mawe na magogo likaufikia mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tope halikujitungia njia: lilifuata makorongo na mikondo iliyokuwepo. Kila kijiji cha mlimani kinayo mikondo hiyo, na wazee wanajua ipi huamka mvua ikizidi. Waulizwe, mikondo ichorwe kwenye ramani ya kijiji, na asitokee mtu wa kugawa kiwanja humo kwa sababu yoyote.

20. Toa taarifa siku hiyohiyo. Ufa mpya juu ya mteremko, mti uliokuwa wima ukaanza kuinama, chemchemi iliyogeuka tope au iliyokauka ghafla katikati ya mvua, mlango wa nyumba usiofunga tena: hizi si habari za kusubiri mkutano wa mwezi. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji, ondoa watoto na wagonjwa kwanza, mengine yafuate. Ng'ombe na magodoro vitapatikana tena.

UKISHINDWA YOTE

Orodha hii ni ndefu, na najua mkulima ana msimu mmoja wa mvua na mikono miwili. Asiyeweza kuyashika maagizo yote ishirini ashike matatu mwaka huu: ardhi yake isikae tupu hata mwezi mmoja, fosforasi iingie shimoni pamoja na samadi, moto usiwashwe. Hayo hayahitaji mkopo wala kibali cha mtu.

Viongozi hawana nafuu hiyo. Kwao lazima ni yote ishirini, na waanze kwa kuyaingiza katika sheria ndogo za kijiji: mita 60 za mto zilizowekewa alama, mikondo ya tope iliyokatazwa kujengwa, matanuri ya mkaa yaliyobomolewa, na faini inayotozwa bila kumtazama mtu usoni. Mlima uliochukua maelfu ya miaka kutengeneza udongo wake hauwezi kuachwa chini ya ulinzi wa bango lililopigiliwa kwenye mti.